SARAFU YENYE KASORO: KOSA LA KIWANDA AU JERAHA LA NJIANI?

Siku ya soko pale Mpondwe, mpakani karibu na Bwera, watu hujaa tangu alfajiri. Wako wanaovuka mto Lhubiriha kutoka upande wa Kasindi, nchini Kongo, na wako wanaoteremka kutoka milimani na mizigo ya kahawa, maharagwe na ndizi. Fedha za nchi mbili hubadilishana mikono kutwa nzima. Penye fedha nyingi hapakosi mwerevu, na penye mwerevu hapakosi wa kudanganywa.

Hebu tuchukue mfano wa kufundishia. Mke wa koplo mmoja ametoka Kasese kuja kununua vitenge. Katika fundo la nguo yake zimo shilingi laki tatu, fedha ambazo nusu yake ni ya karo ya shule. Mara anajongelewa na kijana mwenye kitambaa kilichokunjwa. Ndani yake mna sarafu tatu za Uganda.

"Mama, tazama vizuri," asema kijana. "Hizi kiwanda kilikosea kuzigonga. Huko Ulaya wanazitafuta kwa taa. Nipe laki tatu tu, nawe utaziuza kwa mamilioni."

"Laki tatu, mwanangu? Hiyo ni karo ya watoto."

"Kwa hiyo karo ya miaka kumi hutaki, mama?"

Sarafu ya kwanza ni ya shilingi 100, na juu ya uso wake yaonekana maandishi mengine yaliyogeuka kinyume, kama yanavyosomeka katika kioo. Ya pili ni ya shilingi 200, lakini rangi yake si nyeupe bali ni nyekundu iliyochanganyika na weusi. Ya tatu ni ya shilingi 500, nayo imemegeka ukingoni kana kwamba imeng'atwa.

Je, mama huyu afanyeje? Kijana yule hakusema uongo mtupu. Ni kweli kwamba viwanda vya sarafu hukosea, na ni kweli kwamba baadhi ya makosa hayo hununuliwa kwa bei kubwa. Uongo umejificha mahali pengine, yaani katika kudai kwamba kila sarafu yenye sura ya ajabu ni kosa la kiwanda. Ili kuutambua uongo huo hapana budi kwanza kujua sarafu huzaliwa namna gani.

SARAFU HUZALIWAJE?

Wenyeji wa Kasese si wageni wa madini. Reli ilifika mjini humo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na shaba hiyo ilichimbwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba ndiyo mama wa sarafu nyingi duniani. Sarafu nyeupe ambazo watu huzidhania kuwa za fedha mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba sehemu 75 na nikeli sehemu 25 katika kila 100.

Kiwandani, madini huyeyushwa na kusukumwa mpaka yawe bamba refu. Mashine hukata bamba hilo kuwa visahani vya mviringo visivyo na maandishi. Visahani hivyo hutiwa motoni ili vilainike, huoshwa, kisha hubanwa pembeni ili ukingo uinuke kidogo. Mwisho kila kisahani huingia ndani ya pete ya chuma, kikalala juu ya muhuri mmoja, na muhuri wa pili hukishukia kwa nguvu kubwa. Kwa pigo hilo moja picha za pande zote mbili hujitokeza, na pete huchora mistari ya ukingoni.

Basi kosa la kweli la kiwanda ni lazima litokee katika mojawapo ya hatua tatu: kisahani kilipotengenezwa, muhuri ulipotengenezwa au ulipochakaa, ama pigo lilipotua. Hakuna hatua ya nne. Lolote litakaloipata sarafu baada ya kutoka mashineni, liwe ni nyundo, moto, chumvi, tupa au gurudumu la lori, huo ni uharibifu. Sarafu iliyoharibika ina thamani yake ya kawaida tu, na pengine hata muuza duka ataikataa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye busara si "Sarafu hii ni ya ajabu kiasi gani?" Swali ni hili: "Ni hatua gani ya kiwandani iliyoweza kuleta alama hii?" Likikosa jawabu, fedha zibaki mfukoni.

ALAMA ILIYOINUKA NA ALAMA ILIYOZAMA

Askari afikapo mahali pa tukio husoma nyayo kabla ya kuwasikiliza watu. Sarafu nayo ina nyayo zake. Kipimo cha kwanza ni kupitisha ukucha juu ya alama, au kuitazama kwa kioo cha kukuzia, ili kujua kama imeinuka au imezama.

Muhuri ukipata ufa, madini ya kisahani huingia katika ufa ule wakati wa pigo. Matokeo yake ni mstari mwembamba ulioinuka juu ya uso wa sarafu, wenye kupindapinda kama mto katika ramani. Kipande cha muhuri kikivunjika pembeni, sarafu hupata kinundu kisicho na picha wala maandishi. Mtu mwenye msumari au kisu hawezi kuinua madini namna hiyo, kwani yeye huweza tu kuchimba na kukwaruza.

Mkwaruzo huzama, na madini yaliyosukumwa husimama kandokando yake kama udongo kandokando ya mfereji wa jembe. Ukiona mfereji wenye matuta, hilo ni jeraha la njiani.

Hata hivyo, si kila alama iliyozama ni jeraha. Uzi, kipande cha waya au taka nyingine yaweza kuangukia kati ya muhuri na kisahani, ikaacha shimo la umbo lake. Aidha, grisi ikijaa katika herufi za muhuri, herufi hizo hutokea hafifu au hukosekana kabisa. Lakini katika makosa hayo uso wa mahali palipoathirika huwa laini kama sehemu nyingine, na hapana matuta pembeni. Herufi iliyofutwa kwa tupa huacha mikwaruzo mingi inayoelekea upande mmoja.

SARAFU TATU ZA KIJANA

Sasa turudi Mpondwe, tukazichunguze sarafu zile moja baada ya nyingine.

Ile ya shilingi 100 yenye maandishi yaliyogeuka inafanana na kosa mashuhuri la kiwanda. Yatokea sarafu iliyokwisha kugongwa ikang'ang'ania kwenye muhuri, na kisahani kinachofuata kikagongwa dhidi yake. Kisahani hicho hupata picha iliyozama na kugeuka kinyume. Lakini upande huo huwa na picha hiyo peke yake, kwa kuwa muhuri wake wa haki ulikuwa umefunikwa na haukukigusa. Upande wa pili nao huwa umegongwa vizuri. Katika sarafu ya kijana, picha ya kawaida ya ng'ombe ingali ipo, na maandishi ya kinyume yamelala juu yake. Tena upande wa pili umebapa. Hiyo ni kazi ya jiliwa: sarafu mbili zilibanwa pamoja kwa nguvu, moja ikaipiga nyenzake chapa. Katika karakana yoyote yenye jiliwa, kazi hiyo ni ya dakika chache.

Ile ya shilingi 200 yenye rangi nyekundu yasemekana iligongwa kwa madini yasiyo yake. Makosa ya namna hiyo yapo. Mwaka 1943, wakati wa vita, Marekani iligonga senti zake kwa chuma kilichopakwa zinki ili shaba itumike kwa silaha. Visahani vichache vya shaba vilivyobaki kutoka mwaka uliotangulia vilipenya mashineni, na senti hizo zikawa za thamani kubwa mno. Punde walaghai wakazipaka shaba senti za chuma za mwaka huo. Ulaghai huo ulifichuliwa kwa kitu kidogo ambacho kila mtoto aweza kukipata katika spika ya redio mbovu: sumaku. Chuma kilichovikwa shaba hunaswa, na shaba halisi hainaswi.

Rangi ni shahidi dhaifu. Moto huigeuza sarafu ikawa nyeusi au yenye rangi za upinde wa mvua. Udongo wenye asidi, kama ule wa mabaki ya machimbo, huila na kuibadilisha. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya mwaka 2013, tena mwaka 2014 na mwaka 2020, ukazika nyumba na mali kwa matope na mawe. Sarafu iliyolala miaka kadhaa katika matope ya namna hiyo haiwezi kutoka na sura ile ile. Kadhalika chumvi. Sarafu iliyodumbukia katika maji ya chumvi ya ziwa Katwe hutoboka vijishimo vidogo vidogo na kupoteza mng'ao. Zaidi ya hayo, wanaojua kazi ya shaba wanafahamu kwamba chuma kikilala katika maji yenye shaba hujivika ngozi ya shaba chenyewe, bila mkono wa mtu.

Dawa ya rangi ni mizani. Sarafu iliyogongwa kwa madini mengine kwa kawaida huwa na uzito tofauti na dada zake. Sarafu iliyobadilika rangi tu huwa na uzito wa kawaida, au hupungua kidogo ikiwa imeliwa. Ile ya kijana ikipimwa pamoja na nyingine ya shilingi 200 ya mwaka ule ule, tofauti haipo. Ni sarafu ile ile iliyougua ngozi.

Sumaku pia itumike kwa akili. Sarafu za shilingi 100 na 200 zilizotolewa mwaka 1998 zilikuwa za shaba na nikeli, lakini baadaye zikaanza kugongwa kwa chuma kilichopakwa nikeli. Kwa hiyo moja ya mwaka 1998 haitanaswa na sumaku, na ya mwaka wa karibuni itanaswa. Mtu asije akadai kwamba moja kati ya hizo ni kosa. Hayo ni mabadiliko yaliyopangwa. Na ngozi ya nikeli ikibanduka, chuma cha ndani hushika kutu. Hilo nalo si kosa la kiwanda.

Yabaki ile ya shilingi 500 iliyomegeka. Kiwandani, mashine ya kukata visahani yaweza kukata mahali palipokwisha kukatwa, kisahani kikatoka na pengo la mviringo kama mwezi mwandamo. Pengo hilo la kweli lina ushahidi wa aina mbili. Kwanza, ukingo ulio mkabala nalo, upande wa pili wa sarafu, huwa hafifu au haupo, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo hubana pande mbili kwa pamoja, na penye pengo haikupata cha kubana. Pili, herufi zilizo karibu na pengo huwa zimevutika na kufifia kuelekea huko, kwani madini yalikimbilia mahali palipo wazi wakati wa pigo.

Mama na aitazame. Ukingo ulio mkabala umesimama imara. Herufi zilizo kando ya pengo zimekatwa wima kama kwa wembe, na ndani ya pengo imo mistari ya tupa. Basi sarafu hiyo ilitoka kiwandani ikiwa nzima, na aliyeing'ata ni fundi.

Sarafu tatu, majeraha matatu. Mama azirudishe katika kitambaa cha mwenyewe na kusema, "Asante, mwanangu, tafuta mnunuzi mwingine," naye akaendelee na safari yake.

UDANGANYIFU MWINGINE

Ziko hila nyingine ambazo familia zapaswa kuzijua. Moja ni sarafu yenye sura ile ile pande zote mbili. Mara nyingi hutengenezwa kwa kuchonga sarafu moja ikawa kama kikombe, na kupachika ndani yake nyingine iliyopunguzwa. Mstari mwembamba wa kiungo huonekana ndani ya ukingo kwa kioo cha kukuzia, na ikiangushwa juu ya saruji haitoi mlio wa kengele bali mlio uliokufa.

Nyingine ni sarafu ya madini mawili, yenye kiini na pete, kama ile ya shilingi 1,000 iliyotolewa mwaka 2012 kwa kuadhimisha miaka 50 ya uhuru. Katika sarafu za namna hiyo kiini na pete huungana kwa pigo lile lile linalochora picha, na kwa hiyo picha ya kati na maandishi ya pembeni husimama sawa. Ikiwa kiini kimegeuka upande, kimeng'olewa na kurudishwa.

Ya tatu ni tundu. Sarafu za zamani za Afrika Mashariki za senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati kwa kawaida yake, nalo lilikuwa laini. Tundu la keekee huacha madini yaliyochongoka kwenye midomo yake. Sarafu nyingi za namna hiyo zilitobolewa ili zivaliwe shingoni. Zina thamani ya kumbukumbu, si ya kosa.

KATIKA MKEBE WA NYUMBANI

Pengine sarafu ya kweli haiko sokoni bali katika mkebe wa babu. Katika nyumba za zamani zingalipo fedha za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, na zile za Benki Kuu ya Uganda iliyofunguliwa mwaka 1966. Wengi huona herufi ndogo chini ya mwaka na kuzidhania kuwa makosa. Sivyo. Herufi H na KN ni alama za viwanda vya Birmingham, Uingereza. SA ni Pretoria, na I ni Bombay.

Wengine hushtuka kuona senti 5 au 10 za mwaka 1936 zenye jina la mfalme Edward wa Nane, ambaye alijiuzulu mwaka huo huo kabla ya kuvikwa taji. Hilo pia si kosa. Senti hizo ziligongwa kwa wingi, na kwa kuwa hazikuwa na picha ya mfalme, hakuna aliyehitaji kungoja picha yake. Kadhalika shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972, yenye pande saba, ni adimu kwa sababu iliondolewa katika mzunguko. Uadimu na kosa ni vitu viwili.

Lakini senti 10 hizo za mwaka 1936 zinahusika na kosa moja la kweli kabisa. Kiwanda cha Heaton cha Birmingham kiligonga pia peni za Afrika Magharibi ya Waingereza, nazo zilikuwa na tundu. Siku moja muhuri wa senti 10 za Afrika Mashariki uliunganishwa na muhuri wa peni ya Afrika Magharibi, na pande mbili zisizo ndugu zikatoka katika sarafu moja. Wakusanyaji wa sarafu wanaitambua mpaka leo. Jambo kama hilo lilitokea tena Uingereza mwaka 2008. Mwaka wa sarafu ya peni 20 ulihamishiwa upande mwingine, lakini muhuri wa zamani ukatumiwa pamoja na mpya, na sarafu zikatoka bila mwaka wowote. Kiwanda cha serikali kilikadiria kwamba hazizidi 250,000. Makosa ya aina hii ndiyo magumu kuigiza, maana huwezi kuyafanya kwa nyundo wala tupa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, vifaa vya mchunguzi ni vichache: kioo cha kukuzia, sumaku, mizani midogo yenye kupima gramu, na sarafu nzima ya thamani ile ile na ya mwaka ule ule kwa kulinganisha. Bila hiyo ya nne, vile vitatu vina faida ndogo.

Pili, sarafu inayotiliwa shaka kuwa ya thamani isisuguliwe kwa majivu, ndimu, mchanga wala dawa ya meno. Kusugua hufuta ngozi ya asili na kupunguza bei yake. Ioshwe kwa maji safi, ikaushwe kwa kubonyezwa na kitambaa laini, na ishikwe ukingoni.

Tatu, mtu asilipe kwanza. Mnunuzi wa kweli hulipa, haombi kulipwa. Anayepiga simu akisema atanunua sarafu yako kwa mamilioni, lakini umtumie kwanza ada ya usajili au ya usafiri, huyo anatafuta ada hiyo tu.

Nne, asiwepo wa kushawishika kutengeneza makosa kwa mkono wake. Sheria ya adhabu ya Uganda inakataza kutengeneza sarafu za bandia, na pia kuipunguza uzito sarafu halali kwa nia ya kuipitisha tena kama fedha. Na mwenye kuuza sarafu iliyobanwa na jiliwa kwa kudai kwamba ni kosa la kiwanda anajipatia mali kwa udanganyifu. Askari wanaosoma ukurasa huu wanajua mwisho wa safari hiyo.

Tano, hata kosa la kweli si lazima liwe utajiri. Ufa mdogo wa muhuri huonekana katika maelfu ya sarafu, na wengi watalipa kidogo au wasilipe kitu. Inafaa sarafu hiyo ihifadhiwe katika bahasha yake, na watoto waambiwe habari zake. Hilo nalo ni faida.

Jioni, yule mama wa mfano wetu anashuka kutoka katika gari mjini Kasese, milima ya Rwenzori ikianza kujifunika mawingu. Vitenge viko mkononi, na karo ingali imefungwa katika fundo la nguo. Usiku anaumimina mkebe wa zamani juu ya meza, na mumewe anashika tochi. Katika senti 10 moja iliyochakaa wanaona mstari mwembamba, umepinda kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni. Mama anapitisha ukucha juu yake.

"Umeinuka, baba," asema.